Shangazi, mwanangu alishikwa na degedege usiku huku ugenini nikasema “usipige simu”

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala nchi ninayoishi, maana Waswahili tulioko mji huu tunajuana wote. Nina miaka 33. Mume wangu anafanya kazi za usiku kwenye ghala, na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitatu. Huu ni mwaka wetu wa pili huku. Mume anaijua lugha vizuri. Mimi bado naibahatisha. Dukani napita, kwenye simu napotea kabisa.

Mwezi uliopita, siku kumi na moja baada ya kurudi kutoka kwetu kuwasalimia wazee, yule mdogo alianza homa jioni. Nikampa dawa ya kushusha homa, akalala. Saa nane na robo usiku nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nilipowasha taa nilimkuta amekakamaa, macho yamegeuka juu, meno ameyauma, mikono inarukaruka. Sijui ilichukua muda gani, kwangu ilikuwa kama saa nzima. Nikakimbilia kijiko, nikajaribu kukipitisha katikati ya meno asijing'ate ulimi. Mkubwa aliamka, akasimama mlangoni na simu yangu mkononi, akaniuliza, “Mama, nipige?” Nikamwambia, “Usipige.”

Shangazi, neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tulipofika huku, mama mmoja mwenzetu alinihadithia kwamba aliwahi kupiga namba ya dharura, gari likaja, na baadaye ikaja bili waliyoilipa mwaka mzima. Akaniambia, “Gari la wagonjwa huku ni la kufa na kupona tu.” Na mimi saa ile sikujua kama hali ya mwanangu ilikuwa ya kufa au ya kupona.

Alipoacha kurusha mikono akalegea kama kitambaa. Nikamfunga mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, tukatoka kwa miguu. Hospitali iko karibu, dakika kumi na tano hivi. Tukakuta mlango mkubwa umefungwa. Tukazunguka mpaka kwenye mlango mwingine wenye taa, mlinzi akasema jambo ambalo mwanangu alinitafsiria: hapa usiku hawapokei watoto. Akatuandikia jina la hospitali nyingine kwenye karatasi, tukapanda teksi.

Kule walitupokea. Nesi aliuliza maswali mengi, yote yakapitia kwa mtoto wa miaka tisa. Kuna jibu nililimaizi kwa sababu maneno yale nayajua. Alisema, “Mama anafikiri mdogo wangu alikufa kidogo.” Mimi sikusema hivyo. Nilisema alizimia.

Tukakaa kwenye viti kwa muda wa saa tano. Watu waliokuja nyuma yetu waliitwa kabla yetu. Mtoto akaanza kuchemka tena, nikaona haya kwenda kuwasumbua pale dirishani. Asubuhi daktari akamwona, akasema ni degedege la homa na kwamba sikio moja lina maambukizi, akatuandikia dawa. Sasa mtoto mzima, anacheza, namshukuru Mungu.

Lakini mume wangu anasema nilihatarisha maisha ya mtoto kwa ujinga wangu, kwamba ningempigia yeye angeita gari kwa dakika moja. Simu zao kazini hufungiwa kwenye makabati, lakini hilo halisemi. Wifi zangu nao wameshapata habari. Nami nakaa kitandani usiku, mtoto akikohoa tu nimeshashika viatu.

Niambie ukweli, nilikosea wapi? Siku nyingine usiku nimpigie nani? Na hili la bili ni kweli?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa huyo mkubwa aliyesimama mlangoni na simu.

Kabla sijaanza kuandika safu hii, nilikuwa mkalimani wa simu kwa miaka saba. Hospitali au kituo cha dharura kinampata mgonjwa asiyejua lugha ya nchi, kinaniunganisha, nami nakaa katikati na vipokea sauti vyangu masikioni, mara nyingi usiku wa manane. Sentensi ya kwanza ambayo watu wetu walinipa niitafsiri, karibu kila mara, ilikuwa: “Samahani kwa kuwasumbua.” Mtu kifua kimembana, anaanza na samahani. Mama mtoto wake hapumui vizuri, anaomba radhi kwanza, anaeleza kwamba angesubiri asubuhi ila ameona bora aulize. Nilikuwa naitafsiri kwa sababu kazi ya mkalimani ni kutafsiri kila neno, lakini moyoni nilikuwa nasema, dada yangu, sema mtoto ana nini.

Kwa hiyo nilipofika kwenye barua yako pale unaposema uliona haya kwenda dirishani, nilikujua. Bili ilikutisha, lakini kilichokukalisha kwenye kile kiti ni ile samahani. Sisi tulioko ugenini tunajihesabu wageni hata mbele ya huduma tunayoilipia kila mwezi kwa kodi na bima.

Uliomba ukweli, basi nauweka mezani. Kumwambia mwanao asipige lilikuwa kosa. Degedege la mara ya kwanza ni la kupigia namba ya dharura, nchi yoyote, saa yoyote. Kijiko nacho kilikuwa kosa. Mtoto mwenye degedege hatiwi kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Ulimi hauwezi kumezwa, ila jino likivunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Unamlaza kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumgonga, unamlegeza nguo shingoni, unaangalia saa. Kuangalia saa ni kwa faida ya daktari na ni kwa faida yako, kwa sababu dakika mbili za degedege mzazi yeyote anaziona saa nzima, na tofauti kati ya dakika mbili na dakika sita ni kubwa sana. Likizidi dakika tano linahitaji dawa ya kulikatiza.

La tatu hukuliuliza, lakini nalisema. Mtoto aliyelegea baada ya degedege usimfunge mgongoni, maana humwoni uso wala kifua. Mbebe mbele, kichwa kimeinama pembeni, umwone anavyopumua.

Baada ya hapo, mengine yote uliyafanya sawasawa. Ulimtoa nyumbani usiku huo huo, hukusubiri kuche. Ulipofungiwa mlango mmoja ukatafuta wa pili, na hukukata tamaa pale mlinzi alipokurudisha.

Ujue pia degedege la homa ni nini, maana jina lake kwetu linatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, wawili hadi watano katika kila mia, homa inapopanda. Mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache na haliachi madhara kwenye ubongo. Kwa takriban theluthi moja ya watoto hao hurudi siku nyingine wakipata homa, kwa hiyo wewe na mumeo mjue la kufanya kabla halijarudi. Dawa ya homa inamfanya mtoto ajisikie nafuu, lakini haizuii degedege, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulimpa kidogo. Na usimtumbukize kwenye maji baridi.

Sasa nifike kwenye mstari ulionishtua kuliko wote. “Siku kumi na moja baada ya kurudi kutoka kwetu.” Umeliandika kwa kupita, na nina wasiwasi kwamba hata pale hospitalini halikusemwa. Mwanangu, mtoto mwenye homa aliyetoka sehemu yenye malaria siku kumi na moja zilizopita anapimwa malaria kwanza, hata kama sikio limeonekana jekundu. Malaria ile kali huanza kuonekana kuanzia wiki ya kwanza baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja, na inaweza kuchelewa miezi mitatu au zaidi. Nayo pia huleta degedege kwa watoto, na hapo si lile la kupita lenyewe. Daktari wa nchi isiyo na malaria akiona mtoto ana homa anafikiria mafua, koo, sikio, kwa sababu hayo ndiyo anayoyaona kila siku. Usipomwambia, hana sababu ya kuwaza mbu.

Na usidhani kwamba kwa kuwa sisi tulikua nayo haitudhuru. Kinga ile hupungua mtu akikaa mbali, na mtoto anayekulia ugenini hana kabisa. Mwanao amepona na ninafurahi. Lakini akipata homa tena, yeye au yeyote kati yenu mliosafiri, ndani ya mwaka mmoja tangu safari, na hasa miezi hii mitatu, nendeni siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe: “Tulikuwa nchi yenye malaria, tumerudi tarehe fulani.” Ijifunze kwa lugha ya huko mpaka uweze kuisema usingizini. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ikaendelea, omba kirudiwe, maana kimoja hakitoshi kuiondoa.

Sasa swali lako la nani wa kumpigia. Tatizo lako usiku ule lilianzia hapa: kichwani mwako kulikuwa na chaguo mbili tu, gari la wagonjwa au kukaa nyumbani. Nchi nyingi zina mlango wa tatu katikati, na mlango huo wageni hawauoni kwa sababu hakuna anayewaonyesha.

Mlango wa kwanza ni namba ya dharura. Katika Umoja wa Ulaya wote ni 112, kwa uamuzi wa pamoja wa mwaka 1991, bila malipo, kwa simu ya mezani au ya mkononi. Uingereza ni 999, na 112 nayo inaita. Marekani na Kanada ni 911, Australia 000, Japani 119. Kwa walioko Ghuba, ambulensi Saudia ni 997, Falme za Kiarabu 998, Oman 9999. Hii ni ya degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kupumua, damu isiyokatika, maumivu ya kifua yanayobana, uso kupinda upande mmoja au mkono kuishiwa nguvu ghafla. Hilo la mwisho ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo “ngoja apumzike kwanza” inaweza kumgharimu mtu upande wa mwili.

Mlango wa katikati ni namba ya daktari wa zamu, kwa ugonjwa usioweza kungoja kliniki ifunguliwe lakini hauhatarishi maisha saa hiyo. Ujerumani, Norwe na Ufini ni 116117. Sehemu kubwa ya Uingereza ni 111. Uswidi 1177, Austria 1450, Ubelgiji 1733, na eneo la Copenhagen huko Denmark 1813. Ufaransa ukipiga 15 unaongea na watu wa afya ambao ndio huamua kama utumiwe gari, daktari, au upewe ushauri tu. Uholanzi kuna vituo vya usiku vya madaktari wa familia, ila ni lazima upige simu kwanza, ukijitokeza mlangoni bila miadi unaweza kurudishwa kama ulivyorudishwa wewe. Nesi au daktari wa upande wa pili anakusikiliza, anakuambia usubiri asubuhi, au uende kituo fulani saa fulani, na akisikia hatari anakuhamishia namba ya dharura mwenyewe. Namba hii ndiyo ingekuambia tangu nyumbani kwamba hospitali ya karibu haina zamu ya watoto usiku. Mlinzi yule hakukufanyia ubaguzi. Miji mingi hukusanya madaktari wa watoto hospitali moja au mbili nyakati za usiku, na wenyeji nao hukosea mlango.

Namba zenu mnaziweka wapi? Si kwenye simu peke yake. Ziandike kwa kalamu nene, ubandike ndani ya mlango wa kutokea, na chini yake anwani yenu kamili kama ilivyoandikwa kwenye barua za serikali, pamoja na ghorofa na jina lililo kwenye kengele. Swali la kwanza la namba ya dharura ni “uko wapi?”, na nimesikiliza watu wazima, wasomi, wakisahau jina la mtaa wanaolala kila siku. Ukishasema mahali, hata simu ikikatika gari linajua pa kuja. Na msitegemee ile simu ya zamani isiyo na laini anayochezea mtoto. Uingereza na Ujerumani, kwa mfano, simu isiyo na laini haipigi hata namba ya dharura.

Baada ya mahali, sema lugha yako. Neno moja tu, “Swahili”, kisha nyamaza wakutafutie mtu. Vituo vingi vya dharura, na hizo namba za katikati kadhaa, vina wakalimani wa simu, ila havitajua unahitaji usiposema. Mkalimani akiingia usianze na historia. Sema umri wa mgonjwa, jambo lililotokea, saa lilipoanza, na kama anapumua. Wataendelea kukuuliza maswali na utaona kama wanakuchelewesha. Hawakucheleweshi. Wakati mmoja anauliza, mwenzake ameshalituma gari.

Kuna swali moja ambalo lazima nilieleze, kwa sababu nimewahi kulitafsiri nikajua jibu litakalokuja si sahihi. Huuliza, “Midomo yake imekuwa ya bluu? Amepauka?” Mama anamtazama mtoto mweusi, anasema hapana, kwa sababu haoni bluu. Kwenye ngozi yetu rangi ile hutafutwa ndani ya mdomo, kwenye ulimi na fizi, na kwenye kucha, nayo huonekana kama kijivu. Vivyo hivyo vipele vya homa ya uti wa mgongo, vile visivyofifia ukivibonyeza na glasi, vitafute kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope. Ukiulizwa, sema, “Ngozi yake ni nyeusi, ulimi wake umekuwa wa kijivu.” Watakuelewa.

Na bili. Yule mama hakukudanganya, lakini alikupa habari za bima yake, na kwa yote tunayojua, za nchi nyingine aliyoishi kabla. Hakuna jambo linalotofautiana kama hili. Uingereza gari la dharura halilipiwi, na matibabu ya kitengo cha dharura ni bure kwa yeyote, hata mgeni, mpaka pale atakapolazwa. Ujerumani mwenye bima ya umma huchangia kati ya euro 5 na 10 kwa safari ya ambulensi, basi. Japani gari halitozwi. Australia bima ya taifa hailipii ambulensi, ila majimbo ya Queensland na Tasmania huwalipia wakazi wao, kwingine watu wengi hukata bima ya ambulensi peke yake. Marekani ndiko hofu ile ina mizizi, maana bili ya gari inaweza kufika maelfu ya dola. Lakini hata huko, sheria ya mwaka 1986 inailazimu hospitali yenye kitengo cha dharura kumpima kila anayeingia na kuituliza hali yake kabla ya kuuliza atalipaje, na bili ya hospitali hujadiliwa, hupunguzwa, hulipwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo wiki hii, mchana, ipigie simu kampuni yenu ya bima, au mumeo apige ukiwa umeketi naye. Waulize: ambulensi nachangia kiasi gani, nikisahau kadi usiku naileta lini, na je, kuna namba yenu ya kupiga kabla mtu hajalazwa? Kwa bima za kibinafsi hilo la mwisho ni kubwa, baadhi hukataa kulipa kama hawakuarifiwa mapema. Na siku wazee watakapokuja kuwatembelea, someni bima yao ya safari kabla hawajapanda ndege. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau euro 30,000, lakini nyingi ya hizo hazigusi presha au kisukari ambacho mzee alikuwa nacho tangu zamani. Nimeshakaa kwenye simu na binti wa watu anaambiwa hilo mama yake akiwa kwenye machela.

Kuhusu zile saa tano. Pale dirishani hawaangalii nani alitangulia, wanaangalia nani atakufa kwanza. Nchi nyingi hutumia utaratibu uliozaliwa Manchester miaka ya 1990: nesi anampa kila mgonjwa rangi moja kati ya tano, kuanzia nyekundu ya sasa hivi hadi bluu inayoweza kungoja. Anayefika kwa gari naye hupewa rangi yake kama wengine. Mwanao alikuwa ameshaamka, anapumua, nadhani walimpa rangi ya kungoja, na kwa wakati ule haikuwa dhuluma. Lakini rangi ile ni ya dakika aliyopimwa. Alipoanza kuchemka tena rangi yake ilipaswa kuangaliwa upya, na wao hawana macho ya kumtazama kila aliye kwenye kiti. Mwenye macho hayo ni wewe. Mtoto akizidi kuwaka, akisinzia kuliko kawaida, akipumua haraka, akitapika, unainuka, unakwenda, unasema, “Amebadilika.” Neno moja hilo, kwa lugha yao. Hakuna nesi aliyewahi kuniambia anakerwa nalo. Ninaowajua mimi wanakerwa na mtu aliyekaa kimya mpaka mgonjwa akaanguka.

Mume wako mwonyeshe barua hii. Baba, umeogopa, na hofu ya baba mara nyingi hutoka ikiwa ghadhabu. Lakini neno “ujinga” lirudishe. Mmekaa huku miaka miwili, lugha unaijua wewe, kadi za bima umezisoma wewe, nawe unatoka kila usiku na simu yako inafungiwa kabatini. Mkeo hakuambiwa namba ya kupiga, wala hakupewa namba ya msimamizi wako. Kesho kabla hujalala, kaeni pamoja. Mpe namba ya ofisi ya ghala inayopokelewa usiku. Fanyeni zoezi, wewe ukiwa mtu wa dharura na yeye akupigie, kwa lugha ya huko, mpaka aseme anwani bila kusitasita. Mara tatu nne zinatosha. Na habari za nyumba yako zisiwafikie dada zako kabla mkeo hajapona usingizi.

Wewe nawe, mama, kama wiki zikipita na bado unaamka kushika viatu, mweleze daktari wenu wa familia. Kuna msaada wa hilo pia, na mkalimani utapewa.

Nimebakiwa na mkubwa. Mtoto wa miaka tisa alibeba maneno ambayo hata sisi tuliosomea kazi hii hutulemea. Marekani, kanuni za hospitali zinazopokea fedha za serikali haziruhusu mtoto kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura pale hayupo mwingine wa kutafsiri, na sababu ni hiyo hiyo uliyoisikia kwa masikio yako: “alikufa kidogo”. Popote mlipo, siku nyingine mkifika dirishani omba mkalimani mara moja, hata wa simu, na yeye mwache awe kaka wa mgonjwa tu.

Lakini leo akirudi shule, mketishe. Mwambie mdogo wake hakufa, hata kidogo, alipatwa na degedege likapita. Mwonyeshe karatasi ya mlangoni, asome anwani kwa sauti. Kisha mwambie kwamba usiku ule alipouliza “Mama, nipige?”, yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na siku nyingine apige bila kuuliza.

Wako,
Shangazi